Wachuma Uyoga wa Etobicoke

Wanangu, kabla sijasema lolote kuhusu haki za wanawake, nitasema kuhusu soksi. Kama umeamua kufanya kazi ya ustawi wa jamii katika mji huu wa Toronto, nunua soksi nzuri zisizo na tundu. Utavua viatu katika kila nyumba utakayoingia, iwe ya Wasomali, ya Wakongo, ya Wahindi au ya Wareno, na hakuna mama atakayekufungulia moyo wake huku kidole gumba chako kikimchungulia. Jambo hilo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na kidole changu mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu ya binti mmoja wa hapa kanisani ambaye juzi, tukikunja viti baada ya ibada, aliniuliza nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza: "Auntie, ulikuwa unafanya kazi gani hasa? Kugawa makoti ya baridi?" Makoti niligawa, ndiyo. Lakini kama miaka yangu yote ya kazi ingebidi iingie katika hadithi moja, hadithi hiyo ingekuwa ya Jaswant. Haina koti hata moja ndani yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa chini ya jengo refu la ghorofa huko Etobicoke, na meneja wetu alinipangia familia zilizotoka vijiji vya Punjab, kule India. Kwa nini mimi, mtoto wa Moshi? Kwa sababu katika usaili nilijisifu kwamba najua Kipunjabi kidogo. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha Kalasinga mmoja pale Moshi, nami nilikulia kwenye vumbi la mbao nikisikiliza mafundi. Meneja alifurahi sana. Hakuuliza ni maneno gani hasa niliyoyajua. Yalikuwa ni yale ambayo mafundi huambiana msumeno unapokwama.

Basi siku ya kwanza nikaingia katika nyumba moja ya ghorofa ya tisa, nikavua viatu, nikasalimia kwa kujiamini. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kochi, mama mkwe wa nyumba ile, akanitazama, kisha akaanza kucheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Pembeni yake palikuwa na mama mnene mwenye miwani. Akanigeukia na kunisemesha, si kwa Kipunjabi wala Kiingereza.

"Wewe msichana! Nani alikufundisha hiyo maneno?"

Nilishtuka kusikia Kiswahili. "Mafundi wa Moshi, mama."

"Basi umemwita huyu bibi mtoto wa punda. Kaa chini. Kunywa chai kabla hujaongeza ingine."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Kuldip. Alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, akahamia Kanada na mumewe, na Kiswahili chake alikuja nacho kama watu wengine wanavyokuja na sufuria zao. Alikuwa jirani wa nyumba ile. Kuanzia siku hiyo akawa mkalimani wangu, na mwalimu wangu pia, ingawa hakuwahi kuliomba jina hilo. Na yule aliyetuletea chai, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mirefu na macho yaliyotazama sakafu, ndiye Jaswant, mkwe wa bibi aliyecheka. Katika miezi ya mwanzo sikumsikia akisema neno zaidi ya kunikaribisha sukari.

Nilikuwa na moto wa ujana. Nikaandaa semina. Nilipamba chumba cha mikutano kwa mabango, nikapanga viti kwa duara kama tulivyofundishwa, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKI ZAKO. Akaja Kuldip peke yake na sambusa zake. Tulizila sote wawili, katikati ya duara lile la viti vitupu.

"Ndeshi," akaniambia, maana ndilo jina langu, "wewe unaita watu mkutano. Mama mkwe atauliza, mkutano wa nini? Bwana atauliza, mkutano wa nani? Lakini mwanamke akisema anaenda kufua, kuna mtu atamuuliza?"

Nikahamia chumba cha kufulia. Kilikuwa chini kabisa ya jengo, kina joto, kinanukia sabuni, na mashine zake zilinguruma kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusikiliza maneno yenu kutoka mlangoni. Kila wiki nilibeba mataulo yangu kutoka nyumbani, safi kabisa, nikayafua. Yalichakaa mpaka mume wangu akauliza kama ofisini kwetu tunaoga. Lakini kwenye benchi lile la chumba cha kufulia nilijifunza kazi yangu. Mtu anayekunja nguo husema mambo ambayo mtu aliyekaa kwenye duara la viti hayasemi. Mikono ina shughuli, macho yana pa kutazama, na mdomo unabaki huru. Mkisahau yote, wanangu, hilo lishikeni: mpe mtu kitu cha kufanya kwa mikono, kisha mkunjie shuka upande wa pili, na usiulize.

Hapo ndipo nilipojua kuhusu uyoga. Wanawake wengi wa jengo lile walichuma uyoga katika shamba moja nje ya mji, upande wa kaskazini. Wao walikuwa watoto wa wakulima. Walijua ngano, miwa na haradali, na kulima kwao kulikuwa kulima chini ya jua. Uyoga wa Kanada huoteshwa ndani ya nyumba isiyo na madirisha, kwenye rafu zilizopandana mpaka darini, na mchumaji hupanda juu huku amefunga taa kichwani. "Tumekuja ng'ambo kulima kabatini," alisema mmoja wao, na wote wakacheka.

Shamba lilikuwa mbali na basi la mji halikufika huko. Kwa hiyo alikuwepo mnyapara. Alikuwa mtu wa kwao, ana gari, ana simu ya mkononi wakati sisi wengine tulikuwa hatujaigusa. Kila alfajiri alisimama mbele ya jengo, akawachukua wanawake, akawapeleka na kuwarudisha. Mwenye shamba alimjua yeye tu. Nani aende kazini na nani abaki, aliamua yeye. Viti vya nyuma vya gari lake alikuwa ameving'oa ili waenee wengi, akaweka makreti ya plastiki yaliyopinduliwa. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Aliyelalamika kesho yake aliachwa amesimama kwenye theluji, na gari likaondoka bila yeye.

Nililijua hilo kwa vipande vipande, shuka moja baada ya jingine. Kisha ikaja asubuhi ya barafu.

Mchana wake niliteremka kwenye chumba cha kufulia nikakuta mashine zote zimezimwa. Wanawake walikuwa wamesimama. Jaswant alikuwa katikati yao na alikuwa akisema. Sikuamini kama sauti ile ilikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo ya shamba. Kuldip alinitafsiria huku akifuta miwani yake.

Gari lilikuwa limeteleza na kutumbukia mtaroni. Kamba ikakatika, mlango wa nyuma ukafunguka, na Manjit akarushwa nje. Manjit alikuwa mke wa shemeji yake Jaswant, msichana mdogo aliyefika kutoka kijijini mwaka uliotangulia. Alivunjika mfupa wa begani. Mnyapara mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali, na kwa kuwa Manjit hakujua Kiingereza, mnyapara huyohuyo ndiye aliyemtafsiria kwa daktari. Akasema amejikwaa kwenye ngazi nyumbani kwake.

Nawasihi, vijana: msikubali kamwe mkalimani mwenye faida katika jibu. Si mume, si mwajiri, si mtoto wa nyumba. Mtafuteni mtu wa pembeni, hata kama itabidi mgonjwa asubiri kidogo na daktari anune.

Mimi nilikuwa nimeshashika njia ya kwenda kwenye simu. "Kuldip, waambie napiga polisi sasa hivi. Gari lile leo ni la mwisho."

Jaswant alisikia neno polisi. Akaniwekea mkono wake mrefu kifuani, si kwa kunisukuma, kwa kunisimamisha tu, akasema na Kuldip akatafsiri:

"Anauliza, ukiita polisi leo, kesho hawa wanaenda kazini na nini?"

Nikageuka kutoka mlangoni.

"Anasema, wewe utalala umefanya kazi yako. Wao wataamka hawana kazi. Kwanza njia, halafu polisi."

"Njia gani sasa?" nikauliza. "Basi halifiki. Teksi hawaiwezi."

Jaswant akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. Akasema maneno mafupi. Kuldip akasita, akamuuliza tena, akajibiwa vilevile.

"Anasema ataendesha yeye."

Wanawake wengine wakacheka kwa mshtuko. Jaswant alikuwa hajawahi hata kukaa kiti cha mbele cha gari. Kitu pekee alichowahi kuendesha ni maksai wawili wa baba yake.

Jioni yake mimi na Kuldip tukaenda nyumbani kwa Jaswant. Mumewe, Bwana Gurdev, alifanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, mtu mpole asiyependa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Watu watasema nini?" aliuliza. "Mke wangu kwenye usukani, amebeba wanawake wa watu?"

Nikafungua mdomo nimjibu, maana nilikuwa na hotuba nzima. Kuldip akanifinya paja. Nikaufunga tena. Katika chumba cha pili tulimsikia Manjit akigumia kila alipojigeuza. Ndipo yule bibi wa kwenye kochi, yule niliyemwita mtoto wa punda, akasema bila kumtazama mwanawe:

"Hao watu unaowaogopa, Manjit alipovunjika walisema nini?"

Gurdev akainama. Akasema, "Mama, na barafu?"

"Barafu alitumbukia nayo mwanamume," akajibu bibi. "Tujaribu mwanamke."

Nilikuwa na kigari kidogo cha Kijapani, kuukuu, cha rangi ya kijani. Tukaanza katika uwanja wa maegesho wa ghala moja lililokuwa tupu siku za Jumapili. Jaswant kwenye usukani, mimi kando yake, Kuldip nyuma akitafsiri. Mipango ya watu wenye akili! Mimi nikisema "kata kulia", neno linakwenda nyuma kwa Kuldip, Kuldip analigeuza, analipamba kidogo maana hakuwahi kusema jambo kwa ufupi maishani mwake, kisha linarudi mbele kwa Jaswant. Kwenye kulia na kushoto tuliweza kuvumilia. Siku niliyopiga kelele "Breki!" Kuldip alikuwa bado kwenye sentensi ya nyuma. Tulikutana na pipa la taka. Pipa lilikuwa la chuma, na kigari changu kilibeba alama yake mpaka siku nilipokiuza.

Jaswant alishuka, akatazama bonyeo, akanitazama mimi, akasubiri kufukuzwa. Nikaanza kucheka. Kuldip naye. Mwisho akacheka yeye, ameegemea pipa, machozi yakimtoka.

Tukabadilisha mbinu. Nikamfundisha Jaswant maneno ya Kiswahili: simama, twende, polepole, kulia, kushoto. Maneno yakawa yanatoka kwangu kwenda kwake moja kwa moja, na Kuldip akapumzika nyuma akila karanga. Kwa hiyo palikuwa na mwanamke wa Punjab anayejifunza gari katika mji wa Kanada kwa Kiswahili cha Moshi. Mwenyewe akaongeza mambo yake. Alipotaka gari liongeze mwendo alibofya ulimi kama anavyowaita maksai. Kwenye kilima alilibembeleza. Alipoegesha vizuri aligonga dashibodi kwa kiganja, mara mbili, kama anapiga shingo ya mnyama.

Mtihani wa maandishi aliupita kwa lugha yake, baada ya Kuldip kumsomea kitabu cha sheria za barabarani kwenye chumba cha kufulia mpaka hata akina mama wasio na haja ya leseni wakajua umbali wa kuegesha kutoka kwenye bomba la zimamoto. Mtihani wa barabarani ulikuwa habari nyingine. Mara ya kwanza alisimama kwenye taa ya kijani ili kindi avuke. Mara ya pili aliendesha polepole mno hata mzee wa baiskeli akatupita akitupungia mkono. Nasema akatupita kwa sababu mimi na Kuldip tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukitazama, tukatamani kumsukuma. Mara ya tatu mtahini alimuuliza anaongea na nani. Jaswant, kwa Kiingereza chake kipya, akamjibu kwa adabu, "Naongea na gari." Akafelishwa.

Aliporudi safari hiyo alihamia kiti cha nyuma cha gari langu. Nikadhani tumefika mwisho. Nikaanza kumpa zile pole za kazi yetu, kwamba amejitahidi, kwamba kujaribu ni ushindi. Jambo hilo msilifanye. Mtu akianguka usimwimbie wimbo wa kaburini. Jaswant alinikatisha.

"Anasema umsaidie kunyamaza," Kuldip akatafsiri. "Anasema mdomo ndio unamwangusha, mikono iko sawa."

Tukafanya mazoezi ya kunyamaza. Akaweka karafuu mdomoni, akaambiwa asiitafune wala kuitema mpaka safari iishe. Siku ya mtihani wa nne palikuwa na theluji nyepesi inayoanguka. Tuliona gari likirudi, likaegesha baina ya mengine mawili, taratibu, sambamba kabisa, kama mtu anavyoingiza sanduku uvunguni. Mtahini akashuka anaandika. Jaswant akashuka upande wake. Akatoa karafuu mdomoni, akaitazama kwenye kiganja. Ilikuwa nzima. Kisha akapiga kelele moja kali iliyowafanya njiwa waruke kutoka kwenye paa la jengo lile la serikali.

Leseni tukawa nayo. Gari hatukuwa nalo. Lakini hekalu la Makalasinga walikosali lilikuwa na gari la abiria, si kubwa, lililobeba wazee siku ya Jumapili na kulala wiki nzima. Jaswant akaomba kusikilizwa na kamati. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu, watu wazima wenye vilemba vizuri, na iliketi Jumapili baada ya ibada. Nilikaa nyuma kabisa, nimefunika kichwa, Kuldip akinitafsiria sikioni, sina ruhusa ya kusema na sikuitaka.

Jaswant alisimama peke yake mbele yao, akaeleza. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima, akashika ndevu.

"Na ukigonga, binti?" akauliza.

"Nikigonga nitasema nimegonga," alijibu Jaswant. "Yule aliyemvunja Manjit mpaka leo anasema ni ngazi."

Mzee mwingine akasema jambo hili ni zito, tuliahirishe. Mara milango ya jikoni ikafunguka. Hekaluni mwao kila anayekuja hulishwa bure, tajiri na maskini wanakaa sakafuni pamoja, na siku ile wanawake walikuwa wanakanda mikate. Walitoka wote, mikono yao imejaa unga mpaka viwikoni, wakajipanga ukutani. Manjit alikuwa mbele, mkono umefungwa kwenye kitambaa.

Mwenyekiti akashtuka. "Kwani mmegoma?"

"Hapana," akasema Jaswant. "Chakula ni cha Mungu, tutapika mkikubali na tutapika mkikataa. Tumetaka tu mtuone. Mnalishwa na mikono hii kila wiki, hamjawahi kuitazama."

Yule mama mkwe, ambaye kwa magoti yake mabovu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na mikate inaungua." Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na katika kicheko kile akainua mkono. Wenzake wakainua mmoja mmoja. Gari la hekalu, pamoja na bima yake, litakwenda shambani siku za kazi, dereva Jaswant.

Bado alikuwepo mwenye shamba. Tulikwenda na gari lenyewe, Jaswant akiendesha. Tulipofika nikafungua mkanda niteremke nao. Kuldip akanizuia.

"Wewe kaa hapa."

"Kwa nini?"

"Ukiingia, huyo mzungu ataongea na wewe. Sisi tutakuwa nguo zako umebeba."

Nikakaa. Wanangu, katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kufanya jambo gumu kama kukaa ndani ya gari lile. Niliona kupitia kioo: mzee wa Kitaliano, mpana, aproni ya plastiki, anasikiliza. Niliona Kuldip anaonyesha kwa mikono. Kisha nikaona Kuldip amerudi nyuma hatua moja na Jaswant anasema mwenyewe, kwa Kiingereza kile cha chumba cha kufulia, neno moja moja, kila neno limesimama kwa miguu yake. Mzee akavua kofia, akakuna kichwa, akacheka kwa aibu.

Waliporudi sikungoja hata wafunge mlango.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Mnyapara alimwambia sisi hatutaki kujulikana. Alimwambia bila yeye hakuna mwanamke atakuja. Sasa ameuliza, mnaweza kuanza Jumatatu?" Akavuta pumzi. "Huyu Jaswant akamwambia, hatuanzi. Tunaendelea."

Jumatatu ile niliamka mapema nikasimama mbele ya jengo lao, kando, nimejikunyata kwenye koti. Palikuwa na magari mawili. Moja la mnyapara, kamba yake mpya imefungwa mlangoni. Jingine la hekalu, viti vyote mahali pake, mikanda yote inafanya kazi, Jaswant kwenye usukani na mto nyuma ya mgongo ili aone mbele vizuri. Wanawake walitoka kwa pamoja kwenye lifti. Walitembea moja kwa moja kuelekea gari la mnyapara, akafungua mlango, na wakampita. Hawakumtukana wala kumtazama. Wakaingia kwa Jaswant mmoja baada ya mwingine, na nilisikia mikanda ikilia, tak, tak, tak.

"Leo mtakwenda," mnyapara akawapigia kelele. "Kesho mtanirudia!"

Jaswant akateremsha kioo. Nikangoja aseme la moyoni mwake. Alipiga honi, ndefu, mpaka taa zikawaka kwenye madirisha ya ghorofa za juu, na bibi wa ghorofa ya tisa akaonekana dirishani akipunga mtandio. Wakaondoka.

Siku hiyohiyo Manjit alikwenda polisi. Njia ilikuwa ipo, sasa zamu ya polisi. Alieleza mwenyewe yaliyompata, Kuldip akatafsiri neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza bila kupamba. Wanawake wengine wakamfuata. Gari la kamba likaondolewa barabarani, mnyapara akafikishwa mahakamani, na daktari wa Manjit akaitwa kusahihisha ile habari ya ngazi. Baadaye Manjit alijifunza Kiingereza kwa hasira hata akawa yeye ndiye anayetafsiria wenzake hospitalini.

Watu huniuliza kama niliwawezesha wanawake wale. Ni neno la siku hizi, nalo linapendeza kwenye ripoti. Mimi nilichangia gari dogo la kugongea pipa, na mataulo.

Siku moja ya masika, theluji imekwisha na uwanja wa hekalu umejaa madimbwi, tulikuwa tumemaliza kuwashusha wazee. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nikiongea na Kuldip. Akaja mwanamke mmoja aliyejifunika vizuri, akitembea kando ya ukuta. Kuldip akaninong'oneza kwamba yule ni mke wa mnyapara. Mumewe tangu kesi ile alikuwa anashinda nyumbani, na hakuna aliyekuwa akimsemesha mkewe hekaluni, kana kwamba ni yeye aliyefunga kamba.

Alisimama kwenye dirisha la Jaswant. Nilidhani amekuja kugombana, na nadhani hata Jaswant alidhani hivyo, maana aliushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Anasema nini?" nikamuuliza Kuldip.

"Anauliza," Kuldip alisema polepole, "kama mtu wa umri wake bado anaweza kujifunza."

Jaswant aliuachia usukani. Kisha akazima injini, akafungua mlango, akashuka. Akazunguka madimbwi kwenda upande wa pili, akapanda kiti cha abiria, akanyoosha mkono akagonga kile kiti cha dereva alichokiacha wazi, na kumwita yule mwanamke kwa jina lake.

Mke wa mnyapara akapanda. Akashika usukani kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Mimi na Kuldip tukatazamana, kisha kila mmoja akauvuta mkanda wake na kuufunga.